Sura ya Sita: Sanduku Ambalo Halikufunguliwa

Mwaka mzima wa 2018 Wakongo waligombana na mashine. Ilikuwa na skrini ya kugusa na printa ndani yake, imetengenezwa na kampuni ya Miru Systems ya Korea Kusini, na Tume ya Uchaguzi ya Kongo, CENI, iliagiza zaidi ya mashine 100,000 za aina hiyo kwa takriban dola milioni 150. Wapinzani waliibatiza jina la mashine ya kuiba. Watu waliandamana kuipinga. Nikki Haley, aliyekuwa balozi wa Marekani kwenye Umoja wa Mataifa, alionya mapema mwaka huo kwamba kuleta teknolojia ngeni katika uchaguzi mzito kama ule ni hatari kubwa. Corneille Nangaa, mwenyekiti wa CENI, alishikilia msimamo wake toka mwanzo hadi mwisho: bila mashine, hakuna uchaguzi mwezi Desemba.

Walioishuku mashine walikuwa na kila sababu ya kuishuku. Serikali iliyoinunua ilikuwa ya Joseph Kabila, ambaye muhula wake wa mwisho ulikwisha Desemba 2016 naye akabaki Ikulu. Argentina ilikuwa imekwisha kuikataa mashine ya kampuni hiyohiyo baada ya wataalamu kutilia shaka usalama wake. Nani angeipokea kwa mikono miwili? Hata hivyo, nikiitazama leo kesi nzima, naona kwamba mashine ile, pamoja na kasoro zake, iliacha ushahidi. Kila kura iliyopigwa ilibaki kwenye karatasi, na karatasi ilibaki sandukuni. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka ya kusema: fungueni tuhesabu.

Kwanza tuielewe mashine yenyewe, maana nje ya Kongo wengi walidhani ni kompyuta inayomeza kura. Mpigakura alifika kituoni, akahakikiwa kwenye daftari, akapewa karatasi tupu iliyosainiwa na wasimamizi. Aliiingiza karatasi hiyo kwenye mashine, akagusa picha ya mgombea urais anayemtaka, kisha mbunge wa taifa, kisha mbunge wa jimbo. Mashine ilichapa chaguo zake kwenye karatasi ileile, naye akaichukua na kuitumbukiza sandukuni kwa mkono wake. Jioni, sanduku lilipaswa kufunguliwa na kura kuhesabiwa kwa mkono mbele ya mawakala wa vyama, ambao Kongo huitwa mashahidi. Hati ya matokeo ya kituo ilisainiwa, nakala ikabandikwa ukutani, nyingine ikapelekwa kwenye kituo cha kujumlishia. Kisheria, hesabu ya mkono ndiyo iliyokuwa hesabu. Mashine ilikuwa kalamu ya bei mbaya.

Hoja ya CENI ya kuitaka kalamu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Wagombea urais walikuwa 21, na waliowania viti 500 vya Bunge la Taifa walizidi 15,000. Mwaka 2011, katika baadhi ya maeneo ya Kinshasa, karatasi ya kura ilikuwa kijitabu cha makumi ya kurasa. Mpigakura alifunua na kufunua akimtafuta mtu wake. Kuchapa vijitabu vile na kuvisambaza katika nchi kubwa kiasi kile, isiyo na barabara, ni mzigo ambao hata tume yenye nia njema ingeuogopa. Tatizo ni kwamba hoja nzuri ilitolewa na watu ambao hawakuaminika, na kwa mashine ambayo wananchi hawakupewa nafasi ya kuichunguza kadiri walivyotaka.

Sasa, je, mashine ya kura inaweza kudanganya? Jibu ni ndiyo, na jambo hilo lilithibitishwa zamani, tena hadharani.

Mwezi Desemba 2005, katika wilaya ya Leon, jimbo la Florida, msimamizi wa uchaguzi aliyeitwa Ion Sancho alikubali kufanya jaribio ambalo wenzake wengi waliliogopa. Mashine zake, za kampuni ya Diebold, zilisoma karatasi za kura zilizojazwa kwa kalamu, kisha zikaweka hesabu kwenye kadi ya kumbukumbu inayochomolewa. Mtaalamu wa kompyuta kutoka Ufini, Harri Hursti, alipewa kadi tu. Hakupewa neno la siri wala kuruhusiwa kuigusa mashine. Kisha watu wanane wakapiga kura ya swali moja: je, matokeo ya mfumo huu yanaweza kuchezewa kwa kutumia kadi ya kumbukumbu? Wawili walisema ndiyo, sita walisema hapana. Kabla ya kuanza, mashine ilichapa ripoti inayoonyesha kwamba haina kura hata moja ndani yake, kama kanuni zilivyotaka. Karatasi nane zikapitishwa. Mashine ikatangaza: ndiyo saba, hapana moja.

Wengi husimulia kisa hiki kwa ajili ya ule udukuzi. Mimi nakipenda kwa sababu ya zile karatasi nane. Zilikuwa pale mezani, zikisema mbili kwa sita, bila kujali mashine imesema nini. Mtu yeyote anayejua kuhesabu hadi nane angeweza kuikamata mashine ikidanganya. Lakini kama Sancho angeondoka na ripoti ya mashine bila kuzigusa karatasi, uongo ule ungekuwa ndio matokeo rasmi. Baadaye Sancho alijikuta akisusiwa na wauzaji wa mashine, malipo ya ajabu kwa mtu aliyetimiza wajibu wake.

Mwaka mmoja baadaye, katika jimbo hilohilo, ilionekana jinsi hali inavyokuwa pale karatasi isipokuwepo kabisa. Katika kinyang'anyiro cha ubunge kilichohusisha wilaya ya Sarasota, Novemba 2006, Vern Buchanan alimshinda Christine Jennings kwa kura 369. Kwenye mashine za skrini za Sarasota, kura takriban 18,000 zilionekana hazikuchagua yeyote katika nafasi hiyo, ingawa wapigakura hao walichagua wagombea wa nafasi nyingine. Waliopiga kura kwa karatasi kwa njia ya posta hawakuonyesha tabia hiyo kwa kiwango kama hicho. Je, mashine zilimeza kura? Au mpangilio wa skrini uliwafanya watu waipite nafasi ile bila kuiona? Wataalamu wengi waliegemea maelezo ya pili, na ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilizijaribu mashine hizo isione hitilafu. Lakini hakukuwa na kitu cha kuhesabu upya. Ukiiambia mashine ihesabu tena, inarudia kilekile ilichosema mara ya kwanza. Jennings alibaki bila jibu, Buchanan akaingia bungeni na doa ambalo hakuna njia ya kulifuta, na mwaka 2007 Florida ikaamua kuachana na mashine zisizoacha karatasi.

Kutokana na mikasa ya namna hii, Ronald Rivest, mmoja wa magwiji wa usimbaji duniani, akishirikiana na John Wack, aliweka kanuni ambayo naiona kuwa msingi wa mjadala wote: kosa lisilogunduliwa ndani ya programu lisiweze kuleta badiliko lisiloweza kugunduliwa katika matokeo. Kanuni hiyo haidai mashine isiyo na kosa, kwa sababu hakuna mashine ya namna hiyo. Inadai kwamba mashine ikikosea, au ikikoseshwa, pawepo kitu nje yake kitakachoisuta.

Kwa kipimo hicho, Kongo ya 2018 ilikuwa imejiweka pazuri kuliko Sarasota ya 2006. Naandika hivi nikijua kwamba sentensi hii itawaudhi baadhi ya wasomaji wa Kinshasa, Goma na Bukavu. Tuendelee.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Desemba 2018, siku kumi kabla ya uchaguzi, ghala la CENI mjini Kinshasa liliungua moto. Mashine takriban 8,000, sehemu kubwa ya zile zilizotengwa kwa ajili ya jiji hilo, ziliteketea. Uchaguzi ukasogezwa hadi tarehe 30. Kisha tarehe 26, CENI ikatangaza kwamba Beni na Butembo, huko Kivu Kaskazini, pamoja na Yumbi upande wa magharibi, hazitapiga kura hadi Machi. Sababu zilizotajwa kwa Beni na Butembo ni ugonjwa wa Ebola na ukosefu wa usalama. Wapigakura zaidi ya milioni moja, katika eneo linalojulikana kwa upinzani, walifungiwa nje ya uchaguzi wa rais, maana rais angeapishwa Januari.

Watu wa Beni hawakukaa kimya. Tarehe 30 Desemba, wakati nchi nyingine inapiga kura, walipanga foleni zao wenyewe, wakaosha mikono kama kanuni za Ebola zinavyotaka, wakapiga kura zao kwa karatasi bila mashine wala tume. Kura hizo hazikuwa na nguvu ya kisheria. Lakini zilionyesha kwamba watu walioambiwa hawawezi kupiga kura salama waliweza, na tena kwa utaratibu.

Siku yenyewe ya uchaguzi ilikuwa na ghasia za kawaida za teknolojia mpya: mashine zilizogoma kuwaka, vituo vilivyochelewa kufunguliwa, wazee waliohitaji kuelekezwa mahali pa kugusa, na hapo siri ya kura ikapotea. Kesho yake intaneti ikazimwa nchi nzima, ikabaki hivyo kwa karibu wiki tatu. Baraza la Maaskofu Katoliki, CENCO, lilikuwa limesambaza waangalizi wapatao 40,000. Tarehe 3 Januari 2019 maaskofu walisema kwamba takwimu walizozikusanya kutoka vituoni zinamwonyesha mshindi mmoja, na wakaitaka tume itangaze ukweli. Hawakumtaja kwa jina, sheria iliwakataza.

Tarehe 10 Januari CENI ikatangaza: Félix Tshisekedi asilimia 38.57, Martin Fayulu asilimia 34.8, Emmanuel Shadary, mgombea wa Kabila, asilimia 23.8. Siku tano baadaye gazeti la Financial Times lilichapisha uchambuzi wa takwimu zilizovuja, zinazodaiwa kutoka katika hifadhidata ya CENI yenyewe na zinazohusu asilimia 86 ya kura. Humo Fayulu alikuwa na zaidi ya asilimia 59, na takwimu hizo zilikaribiana na zile za maaskofu. Tume na kambi ya Tshisekedi walizikataa.

Hebu tulitazame jambo hili kwa utulivu. Kama takwimu zilizovuja ni za kweli, basi zile mashine zilizolaaniwa mwaka mzima zilifanya kazi yake sawasawa, au angalau karibu na sawasawa, na nambari zilibadilika baada ya kuondoka vituoni, katika ofisi ambayo haikuhitaji programu yoyote ya kisasa ili kuandika tarakimu tofauti. Na kama takwimu zilizovuja ni za uongo, palikuwa na njia rahisi ya kuzikanusha: kuchapisha hati ya matokeo ya kila kituo, vyote takriban 75,000, kila raia azilinganishe na ile aliyoiona imebandikwa ukutani. Palipobaki shaka, karatasi zilikuwepo. Ukweli wa upande wowote ungeweza kuthibitishwa kwa vitu ambavyo tayari vilikuwa mikononi mwa serikali.

Fayulu alikwenda Mahakama ya Katiba akaomba kura zihesabiwe upya. Umoja wa Afrika, tarehe 17 Januari, ukasema una mashaka makubwa na ukaomba kutangazwa kwa matokeo ya mwisho kusitishwe. Usiku wa tarehe 19 kuamkia 20, mahakama ilitupilia mbali kesi ya Fayulu kwa kukosa ushahidi, na ombi la kuhesabu upya nalo likakataliwa. Nimeirudia hukumu hii mara nyingi akilini na kila mara inanitia uchungu. Mtu anaomba sanduku lenye ushahidi lifunguliwe, anajibiwa kwamba sanduku halitafunguliwa kwa kuwa hana ushahidi. Tshisekedi aliapishwa tarehe 24 Januari.

Karatasi inaposhindwa hivi, haishindwi kwa udhaifu wake. Inashindwa kwa sababu hakuna anayelazimika kuiangalia. Ndiyo maana wale waliofikiri kwa kina kuhusu mashine za kura wamehama kutoka kwenye swali la mashine na kwenda kwenye swali la ukaguzi.

Mtaalamu wa takwimu Philip Stark, wa Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, alibuni njia ambayo Colorado ilianza kuitumia jimbo zima mwaka 2017. Baada ya uchaguzi, kabla matokeo hayajathibitishwa, karatasi za kura huchaguliwa kwa bahati nasibu na kulinganishwa na kile mashine ilichosema. Tofauti kati ya wagombea ikiwa kubwa, karatasi chache zinatosha. Ikiwa ndogo, zinahitajika nyingi. Na mashine ikionekana imekosea kiasi cha kutilia shaka mshindi, kazi inaendelea hadi kura zote zihesabiwe kwa mkono. Hata bahati nasibu yenyewe haikabidhiwi kompyuta kwa siri. Maofisa wa Colorado hukutana hadharani na kurusha dadu zenye pande kumi, mara 20, na namba zinazotoka ndizo zinazoamua karatasi zipi zitolewe. Hakuna anayejua mapema zipi zitatazamwa, kwa hiyo hakuna anayejua zipi ni salama kuchezewa. Na jambo muhimu kuliko yote: ukaguzi ni sehemu ya uchaguzi. Aliyeshindwa hasubiri huruma ya jaji.

Huku kwetu, Kenya ilijifunza sehemu ya somo hili kwa gharama kubwa. Kenya haipigi kura kwa mashine. Hutumia vifaa vya kielektroniki kumtambua mpigakura na kupeleka matokeo. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, iliiamuru tume ya uchaguzi ifungue seva zake zikaguliwe. Tume haikutekeleza amri hiyo ipasavyo, na mahakama ikachukulia kwamba yaliyofichwa yanaiumiza tume. Tarehe 1 Septemba uchaguzi wa rais ukafutwa. Nalinganisha majaji wale na wa Kinshasa: mbele ya mlango uliofungwa, wa Nairobi walimwajibisha mwenye ufunguo, wa Kinshasa wakamwajibisha aliyebisha hodi.

Miaka mitano baadaye, mwaka 2022, tume ya Kenya iliweka picha za fomu za matokeo, ziitwazo 34A, za vituo zaidi ya 46,000 kwenye mtandao, wazi kwa kila mtu. Vyombo vya habari, vyama na vijana wenye kompyuta mpakato walijumlisha wenyewe. Matokeo yalipingwa tena mahakamani, na mahakama ikaagiza masanduku ya baadhi ya vituo yafunguliwe, kura zikahesabiwa, seva zikakaguliwa. Makamishna wanne kati ya saba walikuwa wamejitenga na matokeo, wala sidai kwamba kila Mkenya aliridhika. Lakini aliyedai kuibiwa alipewa kitu cha kushika na kuhesabu, na uamuzi wa tarehe 5 Septemba ulitolewa na majaji wote kwa kauli moja.

Ujerumani ilikwenda mbali zaidi. Baada ya uchaguzi wa 2005, ambapo wapigakura kama milioni mbili walitumia mashine za kampuni ya Nedap ya Uholanzi, Ulrich Wiesner na baba yake Joachim walifungua kesi. Hawakuthibitisha wizi wowote. Tarehe 3 Machi 2009 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliamua kwamba matumizi ya mashine hizo yalikiuka katiba, kwa kuwa uchaguzi ni jambo la hadhara: raia wa kawaida, asiye na utaalamu wowote wa pekee, lazima aweze kuzifuatilia hatua muhimu za kura na kujiridhisha kuhusu matokeo. Wajerumani wakarudi kwenye kalamu na karatasi. Naipenda hukumu ile kwa sababu inamweka bibi wa kijijini sawa na mhandisi mbele ya sanduku la kura.

Kongo ilitumia mashine tena Desemba 2023, chini ya mwenyekiti mwingine wa CENI, Denis Kadima. Safari hii baadhi ya mashine zilionekana nje ya vituo, majumbani mwa watu. Januari 2024 tume ilifuta kura za wagombea 82 kwa udanganyifu na makosa mengine, ikiwemo kumiliki mashine kinyume cha sheria, na ikafuta uchaguzi wa wabunge katika maeneo ya Masimanimba na Yakoma. Ni hatua, nami naihesabu. Lakini ilikuwa tume ikijikagua yenyewe.

Nangaa naye aliwekewa vikwazo na Wizara ya Fedha ya Marekani Machi 2019, ikimtuhumu pamoja na mengine kuongeza gharama ya mkataba wa mashine kwa hadi dola milioni 100. Desemba 2023, mjini Nairobi, alitangaza muungano wa kisiasa na kijeshi, Alliance Fleuve Congo, ulioungana na waasi wa M23. Januari 2025 wapiganaji hao waliingia Goma. Aliyesimamia uchaguzi wa 2018 sasa anaupinga kwa bunduki utawala uliozaliwa na matokeo aliyoyatangaza mwenyewe.

Kwa hiyo msomaji, siku tume ya nchi yako itakapokuletea mashine, iulize kampuni inakotoka na bei yake, maana fedha ni zako. Lakini usiishie hapo. Uliza kama kura yako itabaki kwenye karatasi unayoweza kuisoma kwa macho yako. Uliza nani analazimishwa na sheria kuzihesabu baadhi ya karatasi hizo kabla mshindi hajaapishwa, na kama matokeo ya kituo chako yatachapishwa uyaone. Wakikujibu kwamba mashine haiwezi kukosea, usikubali. Dai jibu likiwa limeandikwa kwenye sheria, na ulidai miaka mitatu kabla ya uchaguzi, si wiki tatu baada yake.